Tofali za kufungamana: saruji inaokolewa wapi na inapotelea wapi

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kama kweli tofali za kufungamana (hizi tunazoziita intaloki, za udongo na saruji kidogo zilizoshindiliwa kwenye mashine, zinazoshikana zenyewe bila mota) zinapunguza saruji na hewa ukaa kuliko bloku za kawaida, kama mfuko mmoja unaweza kutoa tofali 100 kama fundi alivyokuahidi, na kama kuna ubaya kupiga plasta ndani na nje ili nyumba ipendeze. Naanza na la mwisho, maana ndilo linaloamua mengine. Ukishaamua kupiga plasta pande zote mbili, jenga kwa bloku tu. Ukuta wa intaloki wenye plasta ndani na nje unakula saruji nyingi kuliko ukuta wa bloku wenye plasta hiyo hiyo.

Najua wengi hapa watabisha, kwa hiyo tupige hesabu kwa mita moja ya mraba ya ukuta.

Bloku ya inchi 6 (sentimita 45 kwa 23 kwa 15): zinaingia 9 kwa mita. Wafyatuaji wengi mtaani wanatoa 30 kwa mfuko wa kilo 50, kwa hiyo hapo kuna kama kilo 15 za saruji. Mota ya kujengea, yaani ule mchanganyiko wa mchanga na saruji wa kuunganisha bloku, kilo 4 hadi 5. Plasta ya milimita 15 pande mbili, kilo 9 hadi 10. Jumla inacheza kwenye kilo 29. Kwa mfyatuaji mwaminifu anayetoa 25 kwa mfuko, inafika 32.

Intaloki ya sentimita 30 kwa 15 kwa 10: zinaingia 33 kwa mita. Tofali moja lina ujazo wa lita 4.5, lakini ukilishindilia vizuri linameza lita 7 na kidogo za udongo uliolegea. Mfuko wa saruji ni kama lita 35, yaani ndoo ya lita 20 moja na robo tatu. Kwa uwiano wa 1:12 (kipimo kimoja cha saruji kwa 12 vya udongo) unapata tofali 58 hadi 60 kwa mfuko, sawa na kilo 28 kwa mita. Kwa 1:16 unapata kama 80, ambazo ni kilo 21. Ongeza kilo 2 za kozi ya kwanza (mstari wa chini kabisa wa tofali) na kuziba maungio.

Unaona sasa. Tofali lenyewe haliokoi saruji, linakula zaidi ya bloku. Nafuu inatokana na plasta na mota usizotumia, na kwenye 1:12 nafuu hiyo karibu haipo. Inaanza kuonekana ukifika 1:14 au 1:16, na uwiano huo anaukubali au kuukataa udongo wako. Fundi hana sauti hapo.

Na zile tofali 100 kwa mfuko? Ama ni 1:20, ambayo mvua ya masika itaila, ama mashine inajazwa nusu nusu. Dawa ni mizani ya sokoni. Tofali la kipimo hicho lisilo na matundu, likikauka, liwe na kilo 8 na zaidi. Likisoma 7 na nusu, ujue halikushindiliwa. Mashine nyingi za mkono mpini wake unaishia pale pale kila mara, kwa hiyo kimo cha tofali hakibadiliki hata udongo ukipungua. Kinachopungua ni uzito na nguvu, na kwa macho huwezi kuona. Ndiyo maana udongo unapaswa kupimwa kwa kopo moja lile lile kila tofali, si kwa beleshi la kukisia.

Sasa udongo. Ondoa ule wa juu wenye mizizi na mboji mpaka ufike rangi moja, mara nyingi nusu mita au zaidi. Udongo mweusi wa mbuga usihangaike nao, unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Unaotakiwa ni wa kichanga wenye mfinyanzi kiasi, mwekundu au wa kahawia. Kipimo cha kuamua ni sanduku la mbao lenye ndani urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4. Lipake mafuta ndani, jaza udongo uliochekechwa na kuloweshwa mpaka ukaribie kunata, shindilia pembeni na kwenye kona, sawazisha juu, kisha uanike siku 3 juani au siku 7 kivulini. Ukikauka, usukume wote upande mmoja na upime pengo lililobaki:

chini ya milimita 12: 1:18
12 hadi 24: 1:16
25 hadi 39: 1:14
40 hadi 50: 1:12

Zaidi ya 50, ongeza mchanga na urudie kipimo. Kiwango hiki ni cha zamani, kilikuja na mashine ya CINVA-Ram iliyobuniwa Kolombia miaka ya 1950, na bado kinafanya kazi. Ila pengo dogo sana si sababu ya kushangilia: udongo ambao haunywei kabisa ni mchanga mtupu, tofali litabomoka kona likitolewa tu kwenye mashine. Chimba mashimo mawili au matatu, maana ndani ya kiwanja kimoja udongo unaweza kubadilika kabisa, na kila shimo lina sanduku lake.

Halafu kuna suala la wingi, ambalo watu hulisahau. Nyumba ya vyumba vitatu yenye ukuta wa mita za mraba 200 hivi inahitaji tofali 7,000 ukihesabu na za kuvunjika. Hizo ni mita za ujazo 50 za udongo uliolegea, karibu 40 kabla haujachimbwa. Shimo la karo la maji taka halitoshi, linatoa labda 15. Kama kiwanja hakina udongo unaofaa na itabidi kuuleta kwa lori, fanya hesabu upya: kila lita ya dizeli ikiungua inatoa kama kilo 2.7 za hewa ukaa, na lori linarudi tupu.

Kufyatua kwenyewe. Chekecha kwa wavu wa milimita 5 au 6. Changanya udongo na saruji vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo unyunyize maji kwa keni yenye matundu, si kwa ndoo. Pima kwa mkono: finya donge, liachie litoke usawa wa bega lidondoke kwenye sakafu ngumu. Likivunjika vipande vinne au vitano, piga kazi. Likitua zima au kubonyea, maji yamezidi. Likisambaratika kuwa vumbi, bado kavu. Kuanzia maji yanapoingia una kama dakika 45; baada ya hapo saruji imeanza kushika, na kila ukiugeuza ule mchanganyiko na kuuongezea maji unavunja kilichoshika. Kwa hiyo na mashine ya mkono changanya nusu mfuko kwa mara moja. Vijana wakichanganya mfuko mzima asubuhi kisha wakaenda kunywa chai, tofali za mwisho ni udongo wenye rangi ya saruji. Maji ya kisima chenye chumvi epuka, ukuta utatoka unga mweupe wa chumvi na uso utaanza kumenyeka.

Tofali mbichi zipangwe kivulini, chini pasawa, safu moja, na zifunikwe nailoni saa hiyo hiyo. Kesho yake anza kumwagilia mara mbili kwa siku, siku 7 ni kima cha chini, 14 ndiyo nzuri, huku nailoni ikiendelea kuwepo. Hapa ndipo miradi mingi inapofia: saruji kidogo ikikaushwa na jua siku ya pili haiendelei kukomaa, na huwezi kuifufua kwa kumwagilia wiki ijayo. Zijengewe baada ya siku 28. Chukua tatu kutoka kila rundo, loweka saa 24, kisha kwangua kona kwa msumari. Zikilegea kama matope, rundo hilo halifai ukuta wa nje.

Kwenye ujenzi nitasema machache, lakini haya hayana mbadala. Urefu wa kila ukuta, na kila nafasi ya dirisha na mlango, uwe unagawanyika kwa sentimita 15, ambayo ni nusu ya tofali. Ramani iliyochorwa kwa bloku ikiletwa hivyo hivyo utakata tofali kila kona. Msingi wa mawe au zege, nailoni nzito ya kuzuia unyevu, na ukuta wa udongo uanze angalau sentimita 45 juu ya ardhi maana maji yanayoruka kutoka chini ndiyo yanayokula tofali. Kozi ya kwanza ndiyo pekee inayolala kwenye mota kamili, na ndiyo inayostahili siku nzima ya pima maji na kamba. Ikiinama milimita 5, huna mota juu yake ya kusahihishia, utapanda nayo mpaka lenta (mkanda wa zege juu ya madirisha). Lenta izunguke nyumba nzima bila kukatika, kwenye tofali za umbo la U, nondo mbili za milimita 10 au 12. Paa litoke nje sentimita 60 au zaidi. Mabomba ya umeme yapite kwenye tofali zenye matundu wakati wa kujenga. Fundi umeme akija baadaye na tindo, plasta inarudi kwa mlango wa nyuma. Bafuni piga plasta na vigae bila kinyongo. Karo na kuta zilizo chini ya ardhi jenga kwa bloku au mawe.

Ushauri wangu kwa udongo wa pengo la milimita 12 hadi 24: kozi 6 za chini ziwe 1:12, zilizobaki na kuta za ndani 1:16. Ukuta mzima unakuja kilo 24 kwa mita badala ya 29 hadi 32. Kwa mita 200 umeokoa mifuko 20 hadi 32. Kila kilo ya saruji iliyochanganywa pozolana (majivu ya volkano na mfano wake) inabeba takribani kilo 0.7 za hewa ukaa, kwa hiyo hapo ni kilo 700 hadi 1,100. Sehemu kubwa ya hewa hiyo haitokani na moto wa tanuru, inatoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe yanapochomwa, ndiyo maana kiwanda hakiwezi kuimaliza kwa kubadili kuni au makaa. Wewe unachoweza ni kusoma mfuko: alama ya CEM inaonyesha aina ya saruji. CEM I ina klinka (punje zilizochomwa tanuruni, zinazosagwa kuwa saruji) asilimia 95 na zaidi, CEM II/B ina 65 hadi 79. Kwa tofali za udongo, CEM II/B ya daraja la nguvu 32.5 inatosha kabisa. Plasta ya ndani peke yake inakula kilo 5 kwa mita, yaani mifuko 20 na nafuu yako karibu yote. Ukitaka ukuta mweupe ndani, paka chokaa moja kwa moja juu ya tofali.

Jambo moja hukuliuliza. Umesema kiwanja ni 30 kwa 40 na utaanza na fensi ya bloku ya mita 2. Mzunguko ni mita 140, kwa hiyo mita za mraba 280 ukiacha geti. Hata bila plasta, kwa kilo 19 na nusu kwa mita, ni mifuko 109 kabla hujagusa msingi na nguzo zake. Fensi hiyo inakula zaidi ya mara tatu ya chote utakachookoa kwenye nyumba. Panda michongoma sasa wakati udongo unakauka kwenye sanduku, ukifika kupaua itakuwa imeanza kushikana.