Nina Kiarabu, sina Kiebrania: naweza kusomea historia ya Wayahudi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina shahada ya kwanza ya historia. Kiarabu nilikianza madrasa hapa Tanga, nikakisoma tena chuoni. Natamani kuomba uzamili katika historia na utamaduni wa Wayahudi, lakini matangazo ninayoyaona yanataja Kiebrania, nami hata herufi zake sizijui. Wenzangu wanasema masomo hayo ni ya Wayahudi wenyewe au ya wanaosomea uchungaji. Je, nikae chini miaka miwili nijifunze Kiebrania kwanza, au niachane na jambo hili? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Usiachane nalo, na miaka miwili hiyo usiitoe kabla hujajua Kiebrania utakisomea nini.

Historia ya Wayahudi haina lugha moja. Wa Poland na Lithuania waliandika Kiyidishi, lugha ya Wayahudi iliyotokana na Kijerumani. Waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 walihama na Kihispania chao hadi Salonika na Istanbul. Wa Misri, Yemen, Iraki na Maghribi walizungumza na kuandika Kiarabu kwa karne nyingi. Chuo kinapokuuliza lugha, kinataka kujua utasoma nyaraka za nani na za wakati gani. Na wewe, kwa Kiarabu ulicho nacho, tayari umesimama mlangoni pa hazina ambayo wanafunzi wengi wa fani hii huifikia kwa taabu.

Hazina hiyo ni Geniza ya Kairo. Kwa desturi ya Kiyahudi, andiko lenye jina la Mungu halitupwi ovyo. Huwekwa pembeni, mahali panapoitwa geniza, hadi lizikwe. Katika sinagogi la Ben Ezra, kule Fustat, yaani Kairo ya kale, watu waliweka karibu kila kilichoandikwa: barua za biashara, mikataba ya ndoa, orodha za wanaopewa mkate wa sadaka, hata mazoezi ya watoto wanaojifunza herufi. Solomon Schechter, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alifika huko majira ya baridi ya 1896 na 1897, akapewa ruhusa ya kuchukua, na mkusanyiko wake peke yake una vipande zaidi ya 190,000. Vingine viko Oxford, New York, St. Petersburg na kwingineko. Barua nyingi na hesabu za biashara zilizomo ni Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania.

Hapo Mswahili ana jambo la kujivunia. Tenzi za Pate na Lamu ziliandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na aliyewahi kuzisoma anajua namna lugha inavyobanwa na herufi zisizo zake. Herufi za Kiebrania ni 22, za Kiarabu 28. Kwa hiyo sita hubeba kazi mbili: kaf husimama kwa kāf na pia khā, dalet kwa dāl na dhāl, tsade kwa ṣād na ḍād. Mwandishi makini huweka nukta juu kutofautisha. Mwenye haraka haweki, nawe unaamua kwa maana ya sentensi. Neno kitabu utaliona kaf, tav, alef, bet, na ukilitamka tu umeshalielewa. Herufi zenyewe ni kazi ya wiki chache. Mwandiko wa mfanyabiashara wa karne ya 12 ndio utakaokutoa jasho.

Niseme wazi pia kwamba Kiarabu cha madrasa pekee hakitoshi. Kusoma msahafu kwa tajwidi ni jambo moja, kuelewa barua inayolalamikia bei ya pilipili manga ni jingine. Waandishi hawa hawafuati sarufi ya darasani. Irabu za mwisho zimeanguka, na lahaja inaingia kila mstari. Kiarabu ulichokisoma chuoni kitakusaidia zaidi.

Na Kiebrania hutakikwepa kabisa. Barua huanza kwa baraka za Kiebrania ndipo iingie Kiarabu, na hati za ndoa hutumia Kiaramu, lugha ya kale iliyo jirani na Kiebrania. Isitoshe, sehemu kubwa ya matoleo ya kitaalamu ya barua za Geniza kuhusu biashara ya Bahari ya Hindi, kazi iliyoanzishwa na mwanahistoria S. D. Goitein, ina maelezo ya Kiebrania cha sasa. Kwa hiyo jifunze Kiebrania cha kusoma, sambamba na masomo yako.

Nikupe mfano mmoja uone kazi ilivyo. Abraham Ben Yiju, mzaliwa wa al-Mahdiyya, Tunisia, aliishi pwani ya Malabar, India, akiwa na karakana ya vyombo vya shaba, huku akiandikiana na Madmun, mkuu wa wafanyabiashara Wayahudi wa Aden. Mwaka 1132, mjini Mangalore, alimwandikia hati ya uhuru mtumwa wake Ashu, mwanamke wa Kihindi. Hati hiyo ina mwaka 1444, kwa kuwa walihesabu kwa kalenda ya Waseleuko, wafalme wa kale wa Kigiriki huko Mashariki ya Kati, ambayo mwaka wake huanza majira ya vuli. Ukitaka mwaka wetu, toa 312 kwa miezi ya vuli hadi Desemba, na 311 kwa iliyobaki. Hati ni ya Oktoba, basi unatoa 312. Ukikosea hapo, mtiririko wote wa maisha ya mtu unavurugika. Jambo la pili: geuza karatasi kila mara. Ben Yiju alitumia migongo ya barua alizopokea kuandikia hesabu zake, na huko nyuma mara nyingi ndiko yalikojificha maisha ya nyumbani kwake.

Hao wenzako wasikutishe. Idara ya chuo kikuu haikuulizi dini. Wanaosomea urabi, yaani uongozi wa dini ya Kiyahudi, wana seminari zao. Fani hii yenyewe iliupigania mlango wa chuo. Msomi Leopold Zunz na wenzake waliunda chama cha kuisoma kitaalamu mjini Berlin mwaka 1819, na alipoomba mwaka 1848 nafasi ya uprofesa ianzishwe, serikali ya Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo, ilikataa. Mwanahistoria Salo Baron aliipata nafasi ya namna hiyo katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1930, na tangu 1928 alikuwa amepinga kuandika historia ya Wayahudi kama orodha ya machozi tu. Nakuomba uende na msimamo huo: mateso yasome kwa uzito wake, lakini soma pia ndoa, bei na ugomvi wa majirani.

Katika maombi yako, usiandike kwamba unapenda utamaduni wa Kiyahudi. Andika swali: kwa mfano, shehena ilipozama kati ya India na Aden, hasara ilimwangukia nani? Taja mikusanyiko utakayoisoma. Cambridge, Princeton ya Marekani na Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Yerusalemu wana wataalamu wa nyaraka za aina hii. Kabla ya kulipa ada yoyote ya maombi, mwandikie msimamizi umweleze swali lako na kiwango cha Kiarabu chako.

Wakati unasubiri majibu, picha za vipande vingi ziko wazi bure kwenye maktaba ya kidijitali ya Cambridge, na hifadhidata ya Geniza ya Princeton ina nakala zilizochapwa. Anza na barua za Aden, picha upande mmoja, nakala upande wa pili, mstari kwa mstari. Hati za mahakama ziache kwanza hadi uwe na Kiaramu kidogo.