Lava ya Lengai ni "baridi"? Msishuke kretani kwa neno hilo

SWALI: Shikamoo Dokta. Mi nipo Mbagala, tumejichanga watu kumi na mbili kazini tunataka kwenda kupanda Ol Doinyo Lengai mwezi wa tisa. Kijana anayetupeleka anasema lava ya pale ni ya baridi kwa hiyo haina shida, tukiongeza hela kidogo anatushusha kwa kamba mpaka ndani ya kreta tupige picha nayo karibu. Kuhusu gesi anasema tununue barakoa tu inatosha, na mlima ukitaka kulipuka huwa unatangulia na tetemeko kwa hiyo tutajua mapema. Mmoja wetu ana pumu. Ni kweli haya? Na tubebe nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Vya kubeba nitakuambia mwishoni kwa kifupi, maana hilo neno "baridi" ndo limenifanya niache nilichokuwa nafanya nikujibu leo leo. Kila msimu wa kupanda ukifika nalisikia, mara kwa mwanafunzi, mara kwa mtu wa utalii, mara kwenye klipu ya kijana kasimama hatua mbili kutoka kwenye lava anacheka, na kila nikilisikia naogopa.

Iko hivi. Lava ya volkano nyingi inatoka ikiwa na nyuzijoto 1,000 hivi na kuendelea. Ya Lengai inatoka kati ya 500 na 600. Sisi watu wa miamba tukisema ni ya baridi tunailinganisha na lava nyingine, hatuilinganishi na mguu wako. Mafuta ya kukaangia mihogo pale kituoni yakishika moto vizuri ni kama nyuzi 180, na wewe unajua tone moja likikurukia mkononi linafanya nini. Sasa zidisha mara tatu, halafu sio tone.

Kinachopunguza joto lake ni asili yake. Lava nyingine zimejaa silika, yaani madini yale ya mchanga wa kawaida, hii imejaa kaboneti za sodiamu, potasiamu na kalisiamu, yaani ni ndugu wa karibu wa magadi unayotia kwenye maharage, na hakuna volkano nyingine hai duniani inayojulikana kutoa ya namna hii. Ni ajabu kweli na mi naipenda, nimeisoma miaka mingi. Lakini hapo hapo kwenye uajabu wake ndo kuna mtego: haiwaki. Mchana unaiona nyeusi au kahawia kama oili chafu ya gari, wekundu wenyewe ni hafifu na unauona usiku tu. Mtu kazoea lava ya kwenye muvi, ile inayong'aa kama jua, akiona kitu cheusi kinatiririka anajua tope. Tena ni nyepesi mno, inakimbia kama maji, haikusubiri uwashe kamera.

Halafu kuna huo weupe mnaouona kwenye picha mkadhani ni sehemu iliyokwishapoa. Ofisini kwangu hapa Dar nina kipande cha lava ile kwenye kichupa cha jamu. Nilipokichukua kilikuwa cheusi kigumu, nikakifunga kwenye nailoni bila kuikaza vizuri, na kwa huu unyevu wetu wa pwani nilipokifungua kimeshaota unga mweupe pembeni, baadaye kikawa chote cha kijivu, leo ukikifinya kinamung'unyika kama chaki. Hicho ndo kinachotokea kule juu, lava ikikutana na unyevu inageuka nyeupe na inakuwa laini. Kwa hiyo weupe unakuambia imepata unyevu, haukuambii chini yake kuna nini. Juu panaweza kuwa ukoko kama wa wali, na chini ya ukoko bado kunapita lava ya moto, wewe na kilo zako sabini unakanyaga.

Na hiyo kreta sio ya zamani ambayo wazee wa safari wanawasimulia. Zamani ilijaa mpaka lava ikawa inamwagika nje. Milipuko ya 2007 na 2008 ikaifukua, likabaki shimo refu lenye kuta za kusimama, mawe yanaporomoka yenyewe bila mtu kuyagusa. Anayekushusha pale kwa kamba ili upate picha hakupendi, hata kama ni mcheshi na bei yake nzuri.

Barakoa. Barakoa inazuia vumbi na majivu, gesi inapita kama haipo. Na kitambaa cha kulowanisha na ndimu ambacho watu wanaambizana nacho hakikuokoi na gesi, naomba tuache kudanganyana. Kabonidayoksaidi ni nzito kuliko hewa, inatuama mahali pa chini, na haina harufu. Wenzetu wa Goma, kule Kongo, wana neno lake kabisa, mazuku, yale mabonde ya hewa mbaya yanayoua mifugo na watu. Kule Kameruni mwaka 1986 gesi hiyo ilitoka Ziwa Nyos usiku ikaua watu wapatao 1,700, hakuna moto, hakuna lava. Kreta ni bakuli. Ukishuka ndani ya bakuli unaifuata gesi inakokaa.

Sasa hili la mlima kutoa taarifa. Najua limetoka wapi. Tarehe 17 Julai 2007 kulipiga tetemeko la ukubwa wa 5.9 upande wa Gelai, mlima jirani na Lengai, likasikika mpaka Nairobi, na Septemba ile Lengai ikaanza kulipuka, basi watu wakaifanya kanuni. Sio kanuni. Maji yaliyonaswa chini yakipata joto ghafla yanageuka mvuke na kufumua mwamba kama sufuria la presha lililoziba, na hiyo haina haja ya tetemeko mnaloweza kulisikia. Ontake kule Japani, Septemba 2014, Jumamosi karibu na mchana, watu wanakula chakula kileleni, kiwango cha tahadhari kiko cha chini kabisa, mlima ukalipuka wakafa au kupotea watu 63. Nchi yenye mitambo ya kila aina! Whakaari, kisiwa cha volkano cha New Zealand, kililipuka Desemba 2019, kisiwani walikuwepo watu 47 na waliokufa ni 22. Nyiragongo, volkano iliyo jirani na Goma, Mei 2021 ilipasuka jioni, watu wa Goma wakakimbia na watoto mgongoni. Yeyote anayekuuzia uhakika wa mlima hai, awe na programu ya simu, awe na ndoto, anakuuzia kitu ambacho hana.

Kwa hiyo nendeni, ila mnaishia ukingoni, tena nyuma ya nyufa, na hamkai sana. Chukueni waongozaji wa pale pale Engare Sero, kijiji cha chini ya mlima, wanaopanda kila wiki, waulizeni wiki hii wameona nini juu. Kofia ngumu, glavu, tochi ya kichwa, koti maana alfajiri kule ni baridi kweli, na maji lita tatu kila mtu kwa sababu njiani hakuna. Harufu ya kiberiti ikizidi au mkisikia mngurumo, mnashuka hapo hapo, simu ibaki mfukoni. Mwenye pumu abaki kambini Ziwa Natron, mtamkuta asubuhi. Na hela ya kamba msimpe, mwambieni kabla hamjalipa hata nusu.