Sista, punguza sauti

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa na kiherehere. Asubuhi moja tunapokezana zamu, tunapita kitanda kwa kitanda, nikafika namba sita na kusoma faili kama mtangazaji wa redio: "Huyu ana nimonia, tena ni wa CTC." Ugonjwa sikuutaja. Lakini nani hajui CTC ni kliniki ya wenye VVU? Mgonjwa wa namba saba akageuka. Mama aliyekuwa anammiminia uji akasimamisha mkono, chupa ikabaki hewani. Namba sita akavuta shuka hadi usoni.

Miezi michache tu kabla, kwenye mahafali, nilishika mshumaa nikaapa kutunza siri za wagonjwa. Wengi hudhani kiapo kile alikiandika Florence Nightingale mwenyewe, mwasisi wa uuguzi wa kisasa. Hapana. Kiliandikwa Detroit, Marekani, mwaka 1893, na kamati ya muuguzi Lystra Gretter, kikapewa jina la Nightingale kwa heshima. Siri zimo, ila na uaminifu kwa daktari umo. Hata kanuni za Baraza la Kimataifa la Wauguzi za mwaka 1953 zilimtaka muuguzi atekeleze maagizo ya daktari kwa uaminifu. Ni katika marekebisho ya 1973 ndipo ilipoandikwa kwamba wajibu wake wa kwanza ni kwa anayehudumiwa. Nilifundishwa hayo yote na mtihani nikafaulu, lakini asubuhi ile ripoti nilikuwa namsomea daktari na inchaji wa wodi, wanione najua kazi.

Kwa hiyo, mdogo wangu unayeanza, mambo ya siri yamalizeni mezani kabla hamjaanza kupita. Kitandani ongeleeni dripu na homa, tena kwa sauti ya chini. Pazia peke yake halizibi masikio. Ndugu akikuvuta pembeni, "Sista, mgonjwa wetu hasa anaumwa nini?", na mgonjwa yuko macho, mwambie mwende mkamuulize mwenyewe. Mashangazi watanuna. Wanune. Na picha ya kidonda usiipeleke kwenye grupu la WhatsApp eti kwa sababu umekata uso; mtu hutambulika hata kwa kovu.

Mchana nilirudi namba sita kuomba radhi. Hakunijibu. Aliuliza tu kama upande wa pili wa wodi kuna kitanda kitupu. Kilikuwepo. Nikamshikia dripu, tukahama.