Chumvi na kongosho: maswali yenu

Nasikia chumvi nyingi inaua kongosho na kuleta kisukari. Ni kweli?

Kuua, hapana. Kongosho hutoa vimeng'enya vya kusaga chakula, na hutoa insulini inayoingiza sukari ya damu ndani ya seli. Chumvi haiichomi tezi hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, wa watu zaidi ya 400,000 nchini Uingereza, ulikuta kwamba wanaoongeza chumvi mezani kila mara hupata kisukari cha aina ya 2 zaidi kuliko wasioongeza. Huo ni uhusiano tu, na unene ulieleza sehemu yake.

Njia tunayoiona wazi zaidi ni kiu. Chipsi na mishikaki iliyokolea chumvi huteremshwa kwa soda, na chupa ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari. Hiyo ndiyo inayolitoa kongosho jasho.

Mume wangu ana kisukari na mezani haongezi chumvi. Nitajuaje kama bado anakula nyingi?

Chukua kalamu, andika kwenye pakiti tarehe uliyoifungua. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa. Nyumba ya watu wazima watano ni gramu 25 kwa siku, kwa hiyo pakiti ya nusu kilo isiishe kabla ya siku 20. Ikiisha siku ya kumi, kila mmoja anakula maradufu, na hapo hatujagusa mkate wala vidonge vya mchuzi, ambavyo karibu nusu ya uzito wake huwa chumvi. Kosa tunalokutana nalo sana ni kidonge kutiwa chunguni na chumvi ikafuata kwa kipimo kilekile cha zamani. Ukitia kidonge, onja kwanza. Ng'onda (samaki waliokaushwa kwa chumvi) nao waloweke kwenye maji baridi, badilisha maji mara mbili tatu, kisha mchuzi wake usiutie chumvi kabisa.

Kwenye lebo ikiandikwa sodiamu, yaani ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha, zidisha kwa 2.5 upate chumvi: miligramu 800 za sodiamu ni gramu 2 za chumvi.

Kwa mumeo hili lina uzito zaidi, kwa sababu sukari ikikaa juu huharibu vichujio vya figo, na presha inayopandishwa na chumvi huvimalizia.

Maharage nayapikia magadi, chumvi naweka kidogo sana. Nimeepuka?

Hujaepuka. Magadi nayo ni sodiamu, imebadilisha sura tu. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji, yataiva upesi bila magadi.

Chumvi ya waridi ya Himalaya je?

Sodiamu ni ileile kasoro kidogo. Bei ndiyo tofauti. Nyingi hazina iodini.

Na ile chumvi ya potasiamu?

Hushusha presha kweli, lakini mwenye figo dhaifu, au anayetumia dawa za presha za losatani, enalapril au spironolactone, asiiguse kabla ya kuzungumza na daktari wake. Potasiamu ikizidi kwenye damu huvuruga mapigo ya moyo.

Basi niache chumvi kabisa?

Usifanye hivyo. Chumvi ya dukani yenye iodini hukinga rovu, na watu waliopunguziwa sodiamu kupita kiasi kwa siku chache katika majaribio walionekana insulini yao ikifanya kazi vibaya zaidi, si vizuri. Punguza robo ya kipimo chako, kaa wiki mbili, punguza tena. Ulimi huzoea ndani ya wiki kadhaa. Ukikata ghafla, nyumba nzima itarudisha kopo la chumvi mezani. Tia chumvi mboga ikikaribia kuiva, si mwanzoni, na ndimu ikamuliwe chungu kikishaepuliwa.