Folda ya pamoja kati ya Chake Chake na Unguja: kwanza tafuta faili limekwama wapi

Assalaam alaykum ndugu muulizaji. Umeeleza kwamba ofisi yenu ya Chake Chake na ile ya Mji Mkongwe zinatumia folda moja iliyounganishwa na wingu (hifadhi ya mafaili iliyo kwenye intaneti), kwamba kompyuta ya Chake inaonyesha alama ya kijani ya kukamilika, na hata hivyo wenzenu wa Unguja hawayaoni mafaili ya wiki za karibuni. Umesema pia kuwa umeshauriwa uiondoe programu, uifute folda iliyomo kwenye kompyuta, kisha uanze upya. Nakusihi usifanye hivyo kwa sasa. Kwa miaka mingi nimesimamia kompyuta za taasisi yenye ofisi Wete na Unguja, na karibu kila kazi niliyoiona ikipotea ilipotea wakati wa kufuta, kabla mtu hajajua nakala pekee ya faili ilikuwa wapi.

Faili la pamoja lina makao matatu: diski ya kompyuta lilikoandikwa, wingu, na diski ya kompyuta ya mwenzako. Programu ya Chake hulipandisha faili kwenye wingu, na programu ya Unguja huliteremsha kutoka huko. Kwa hiyo fungua kivinjari kwenye kompyuta ya Chake, ingia kwenye akaunti, na utafute faili moja unalolijua kwa jina na tarehe. Ukilikuta, Chake imemaliza kazi yake na hitilafu iko Unguja. Usipolikuta, msimsumbue mtu wa Unguja, kwani mashine yake haina la kuteremsha. Hakikisha tu kwamba akaunti iliyo kwenye kivinjari ndiyo iliyo ndani ya programu. Mara nyingi nimemkuta mtu ameingia kwa akaunti yake binafsi upande mmoja na ya kazini upande wa pili, na alama ya kijani ikasema kweli tupu kuhusu folda nyingine kabisa.

Ikiwa faili halikupanda, anza na mambo ya umeme na mtandao, maana huku kwetu ndiyo yanayoongoza. Umeme ukikatika, kompyuta ya mkononi huendelea kwa betri, na betri ikishuka Windows huwasha hali ya kuokoa chaji. OneDrive, huduma ya wingu ya Microsoft, husimamisha usawazishaji (kupandisha na kuteremsha mafaili) katika hali hiyo, na hufanya vivyo hivyo mtandao ukiwa umewekewa alama ya kulipiwa kwa kipimo, kama wanavyofanya wengi wanaotumia bando la simu. Kompyuta za mezani za zamani zina tatizo jengine: kibetri kidogo cha kwenye ubao mama kikifa, kila umeme unapokatika saa na tarehe hurudi nyuma kwa miaka. Tarehe isipokuwa sahihi, vyeti vya usalama vya tovuti hukataliwa, na programu hushindwa kuingia kwenye akaunti hata kama intaneti ni nzima. Tazama saa ya kompyuta kabla ya kulaumu mtandao.

Kisha pima ukubwa wa mafaili. Kasi ya kupandisha kwa kawaida ni ndogo kuliko ya kuteremsha. Video ya GB 2 ikipanda kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa nne, na wakati huo ripoti ndogo inaweza kuwa inasubiri zamu yake. Ukishaweka nakala yake kwingine, iondoe video kwenye folda uone kama foleni itasogea.

Majina ya mafaili yanastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu taasisi zetu hupenda kuandika jina la folda kama kichwa cha barua. Windows kwa kawaida ina kikomo cha herufi 260 kwa njia nzima ya faili, kuanzia herufi ya diski hadi mwisho wa jina, ilhali OneDrive na SharePoint (huduma nyingine ya Microsoft) zinaruhusu herufi 400 upande wa wingu. Maana yake ni kwamba faili linaweza kukaa salama kwenye wingu na likagoma kuteremka. Zaidi ya hayo, njia hiyo huhesabu jina la mtumiaji wa kompyuta na jina la taasisi, kwa hiyo faili lile lile linaweza kuingia kwenye mashine ya mtu mmoja na kukataliwa kwenye mashine ya jirani yake mwenye jina refu la kuingilia. Fupisheni majina ya folda za juu, kwani hizo ndizo zinazorudiwa katika kila njia. Alama kama nukta mbili, nyota na kiulizo nazo hazikubaliki katika majina ya Windows, ingawa simu au kompyuta ya Mac inaweza kuziruhusu.

Nafasi nayo ina hesabu zake. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15 zinazogawanywa kati ya barua pepe, picha na mafaili, na faili lililopakiwa kwenye folda ya pamoja huhesabiwa kwa aliyelipakia. Kwa Dropbox ya bure, yenye GB 2, folda ya pamoja hula nafasi ya kila mwanachama. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kukwama peke yake.

Ikiwa mafaili yapo kwenye wingu na Unguja hayaonekani, na mnatumia Google Drive, jueni kwamba folda uliyoshirikishwa haiingii kwenye kompyuta yenyewe. Sharti uiwekee njia ya mkato ndani ya Hifadhi Yangu. Angalia pia kama diski ya Unguja imejaa.

Umetaja kwamba hesabu zenu mnaziweka kwenye folda hiyo kwa Access, programu ya hifadhidata ya Microsoft. Zitoeni, lakini baada ya kunakili kama nitakavyoeleza hapa chini. Hifadhidata inayoandikwa muda wote haifai kusawazishwa namna hii, kwani watu wawili wakiifungua pamoja hutokea nakala mbili zinazogombana, na hakuna programu ya wingu itakayoziunganisha safu zake.

Kabla ya kugusa lolote, chukua diski ya nje na unakili humo folda yote ya Chake. Kama programu imewekwa katika hali ya kutiririsha (mafaili hukaa kwenye wingu na kuteremshwa yanapofunguliwa), fungua mafaili mapya moja moja uhakikishe yanafunguka, kisha uyanakili, kwa kuwa lile ambalo halijapanda limo kwenye akiba ya programu tu na linaweza kuondoka nayo. Waambie wote wasiburute kitu kukitoa kwenye folda ya pamoja, maana kinachotolewa na mmoja hutoweka kwa wote. Kilichofutwa hukaa kwenye pipa la Google Drive kwa siku 30, na kwenye OneDrive ya kazini kwa kawaida siku 93.

Ukishanakili na kuangalia kwenye kivinjari, tuandikie ni programu ipi mnayotumia, faili limekutwa upande gani, na ujumbe unaotokea ukibonyeza aikoni yake, ukiunukuu neno kwa neno. Hapo tutajua kama kuna haja ya kuiondoa programu hiyo.