Shangazi wa Saiti: Digrii ninayo, mhuri sina

*Shikamoo Shangazi. Nilimaliza miaka mitano ya ubunifu majengo pale Chuo Kikuu Ardhi, na sasa niko mwaka wa pili kwenye ofisi moja hapa mjini. Tangu nimeingia nachora ngazi, vyoo na majedwali ya milango. Saiti naiona kwenye picha za WhatsApp. Bosi akisaini daftari langu la mafunzo anasaini kurasa zote kwa mpigo, wala hasomi. Wenzangu wananishauri niachane na habari za Bodi inayosajili wabunifu majengo, nikachukue masters Uingereza nirudi nikiwa juu. Nifanyeje?*
*Mchora Ngazi, Sinza*

Marahaba mwanangu. Tuanze na hizo ngazi unazozidharau.

Fungua ya mwisho uliyochora. Kila kipandio umekiandikia kimo cha milimita 165, sawasawa kuanzia chini hadi juu, na fundi kamwaga zege kwa vipimo hivyohivyo. Wakaja watu wa vigae. Sakafu ya chini na ya juu wakazijaza milimita 50 za saruji na kigae, kwenye vipandio wakaweka 30 tu. Piga hesabu: kipandio cha kwanza kimebaki 145, cha mwisho kule juu kimefika 185. Mguu ukishazoea 165 hauangalii tena, unajikwaa. Kwenye kompyuta huwezi kuliona hilo, kwa sababu ulichora zege ukasahau sakafu. Mbunifu aliyekwisha kusimama na mtu wa vigae huchora vyote viwili, na kimo cha zege cha kipandio cha kwanza na cha mwisho anakiandika peke yake.

Kwa hiyo kuchora si adhabu. Wamarekani, watu wa kuhesabu kila kitu, wanamtaka mhitimu aandikishe saa 3,740 za kazi kabla ya kupata leseni. Katika hizo, 1,520 ni za kuandaa michoro ya kazi na nyaraka zake, fungu kubwa kuliko yote. Za kusimamia ujenzi ni 360 na za uendeshaji wa ofisi ni 160. Sisi hatuhesabu kwa mtindo huo, ila mgawanyo wenyewe nauona wa haki. Fungu kubwa unalo tayari. Unalolikosa ni dogo, lakini mhuri wa mbunifu aliyesajiliwa unadaiwa hapo: mikataba, fedha, muda, na nani alaumiwe ukuta ukipasuka.

Chuoni hayo uliyasikia kwenye somo moja mwishoni mwishoni, watu wote akili ziko kwenye mradi wa mwisho. Ndiyo maana sheria yetu, Na. 4 ya mwaka 2010, haikuiti mbunifu majengo kwa sababu una digrii. Inakutaka usajiliwe, na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi inakutaka upite kwenye mafunzo kwa vitendo chini ya mtu aliyesajiliwa, kisha ufanye mitihani ya kitaaluma.

Sasa kwa bosi wako. Usiende kumwambia "nataka uzoefu", atakuitikia na kesho akupe vyoo vingine. Omba kazi yenye jina. Mwambie unaomba uwe unaandika muhtasari wa vikao vya saiti. Hakuna mtu ofisini anayeitaka kazi hiyo, kwa hiyo utapewa haraka. Lakini mwandika muhtasari lazima awepo, lazima aelewe mkandarasi anadai nini na mhandisi amekataa nini, na baada ya vikao kadhaa watu wanaanza kumuuliza yeye tulikubaliana vipi. Pili, omba ukae na mkadiriaji majenzi, yule mpiga hesabu za gharama za ujenzi, siku ya kuandaa hati ya malipo ya mkandarasi. Anathamini kazi iliyofanyika na vifaa vilivyoko saiti, mnatoa fedha ya zuio, yaani ile inayoshikiliwa mpaka kasoro zirekebishwe, mnatoa mlizokwisha kulipa, kinachobaki ndicho kinachoandikwa. Unaposaini hati hiyo unamwambia mshitiri, yaani mwenye jengo, atoe fedha zake kwa neno lako. Na ule mkataba wa Baraza la Taifa la Ujenzi, toleo la 2000, usiusome kwa muhtasari wa rafiki. Usome wenyewe, kifungu kwa kifungu, huku una mradi mmoja halisi mkononi.

Daftari lenyewe silipendi kabisa mnavyolijaza. "Nilikwenda saiti, kazi inaendelea vizuri." Hiyo ni barua kwa bibi. Andika hivi: "Mkandarasi aliomba aongezewe siku 14 kwa sababu ya mvua za Aprili. Tulichukua takwimu za Mamlaka ya Hali ya Hewa, tukalinganisha na Aprili za miaka iliyopita, tukaona ni masika ya kawaida. Nilipendekeza tukatae, nikaandaa rasimu ya barua." Hapo mtahini anaona mtu aliyefikiri. (Masika Dar es Salaam si dharura. Mkandarasi aliyajua alipojaza bei.) Ukishaandika, mpelekee bosi ukurasa mmoja mmoja, kila wiki, umsimamie mpaka asome. Yeye aliyesaini bila kusoma hatakuwepo siku unaulizwa maswali.

Akikataa yote haya, tafuta kwingine bila kununa. Ofisi ndogo yenye miradi miwili inayojengwa ni bora kuliko kubwa yenye ishirini ambayo wewe huoni hata mmoja. Wakala wa Majengo nao wana saiti mikoani, usidharau kwa sababu ni serikalini.

Kuhusu Uingereza, kasome ukitaka, mimi siwezi kumkataza mtu shule. Ila usiende ukidhani unakwepa. Kule jina la kazi yetu, "architect", linalindwa na sheria ya mwaka 1997, mwaka uleule tulipopata sheria iliyoanzisha Bodi yetu, kabla ya hii ya 2010. Njia yao iliyozoeleka ina hatua tatu: digrii ya kwanza, digrii ya pili ambayo kwa kawaida ni miaka miwili, halafu hatua ya tatu, ambayo ndiyo hiihii unayoikimbia Sinza. Kazi iliyowekewa kumbukumbu, uchambuzi wa mradi halisi, mtihani, na usaili ana kwa ana. Masters ya mwaka mmoja ya majengo rafiki kwa mazingira ni elimu nzuri, lakini mara nyingi haihesabiki kama ile hatua ya pili. Kabla hujalipa ada, tazama kama kozi yenyewe imo kwenye orodha ya bodi yao, ARB.

*Shangazi, nimemsomesha binti yangu miaka mitano. Sasa najenga nyumba ya ghorofa moja, namwomba achore na apige mhuri, ananiambia hana mhuri. Je, alisoma kitu gani?*
*Baba Mhitimu, Kihonda, Morogoro*

Mzee wangu, shikamoo. Binti yako amekujibu kitaalamu, na angekupigia mhuri wa kuazima ningekuambia umfinye sikio. Kuchora anaweza, tena mpe kazi hiyo. Lakini michoro ipite kwa mbunifu aliyesajiliwa anayemsimamia, huyo ndiye apige mhuri na kubeba lawama. Na ghorofa inataka mhandisi wa miundo pia, usije ukamwachia fundi nondo za kukisia. Ijumaa Kuu ya 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka katikati ya Dar es Salaam likaua watu 36, na tangu hapo nikiona mtu anatafuta mhuri wa njia ya mkato huwa sicheki naye.

Jambo jingine, mzee: mlipe. Hata kidogo. Na ukimlipa mwambie aje saiti siku ya kumwaga zege, ahesabu zile biskuti, vitofali vidogo vinavyoinua nondo, kabla fundi hajaanza. Kisha aiandike kwenye daftari lake, msimamizi wake akikubali kuisaini kazi hiyo.

*Nikishasajiliwa Tanzania, naweza kwenda kufanya kazi Nairobi moja kwa moja?*
*Msafiri, Moshi*

Si moja kwa moja. Makubaliano ya kutambuana kati ya wabunifu majengo wa Afrika Mashariki yalitiwa saini mwaka 2011, na yanakusaidia usianze upya kama mtu wa kutoka mbali. Lakini Kenya wana sheria yao, Sura ya 525, na bodi yao, BORAQS. Utaomba kwao, utapeleka vyeti vyako na barua ya Bodi ya kwetu kwamba jina lako ni safi na ada umelipa. Hilo la ada wengi wanalikumbuka wakiwa wameshafika Namanga.