Kwa nini wafanyakazi wananyamaza kikaoni

Umeuliza kwa nini wafanyakazi wako hawasemi kitu kikaoni, na kama sanduku la maoni litasaidia. Peke yake halitasaidia. Mara nyingi watu hawanyamazi kwa kukosa mawazo. Wananyamaza kwa sababu waliona aliyesema mara ya mwisho alivyojibiwa.

Amy Edmondson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichunguza timu za hospitali miaka ya 1990 akitarajia kwamba timu nzuri zingekuwa na makosa machache ya dawa. Akakuta ndizo zilizoripoti mengi zaidi! Maelezo yake: hazikukosea zaidi, ila watu wake hawakuogopa kusema. Viwandani mwa Toyota nako kuna kamba, au siku hizi kitufe, kwenye mstari wa kuunganisha magari. Fundi akiona kasoro anavuta kamba au kubonyeza kitufe, kiongozi wa timu anafika hapo hapo, na wasipoitatua upesi mstari unasimama.

Kwa hiyo anza na wewe. Kikao kijacho zungumza mwisho, maana bosi akishatoa msimamo wengine wataitikia tu. Badala ya "kuna swali?" uliza "wiki hii ni nini kimetukwamisha?" kisha nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu. Akijitokeza wa kwanza, mshukuru kabla hujajitetea.

Ninalolisisitiza kuliko yote: rudisha jibu. Wazo likikataliwa, mwambie mhusika sababu ndani ya wiki hiyo hiyo. "Hapana" yenye maelezo watu wanaivumilia. Kupuuzwa ndiko kunakowafunga midomo.